Bomba la Saba

Maji yakirudi baada ya kukatika siku mbili, bomba langu la jikoni linakohoa. Linakohoa kama mvuta tumbaku aliyeamshwa mapema, linatema upepo, linanyamaza, linatema tena, halafu yanatoka maji ya rangi ya chai, mpaka baadaye kidogo yanakuja meupe. Wanangu hucheka sana. Mimi nasimama pale na glasi mkononi nikingoja, na kama hakuna wa kunisikia, nasema polepole neno ambalo nyumbani kwangu hakuna mwingine anayejua limetoka wapi: rozi. Halafu tena: rozi. Halafu: safi.

Ngoja niwaambie limetoka wapi. Ni habari ya aibu yangu, nawatahadharisha mapema, msije mkasema nimewavuta kwa ulaini. Lakini nimeshakuwa mama mtu mzima, na aibu zikikaa sana kabatini huliwa na nondo. Afadhali kuzitoa zikapigwa na jua.

Nilikuwa na miaka tisa inayoelekea kumi. Tulikuwa tunakaa Albert Park, mjini Durban, ghorofa ya sita, katika flati ya vyumba viwili yenye familia tatu. Kwa hesabu hiyo mnaelewa kwamba familia moja ilikosa chumba, na familia hiyo ilikuwa sisi. Tulikaa sebuleni nyuma ya pazia la maua ya manjano, na kila mtu aliyekwenda chooni alipita kando ya vichwa vyetu akisema samahani. Nilizisikia samahani nyingi mwaka ule. Mama hakuwa mtu wa kunung'unika, ila kila alipolikunja lile pazia asubuhi alisema hivihivi: kuna siku Mungu atatupa mlango.

Kwetu Uvira Papa alikuwa fundi wa maji. Usidhani fundi wa kubahatisha. Alilaza mabomba ya mji, alijua kila valvu imezikwa chini ya uwanja wa nani, na mtu akimwita fundi wa robine, yaani wa bomba la kufungulia, alichukia kweli. Robine ni mdomo tu, alisema, yeye alikuwa mtu wa koo. Vita vilipotufikisha Durban, mtu wa koo alivaa fulana ya njano akalinda magari ya watu ufukweni, mwaka mzima, jua na mvua. Jioni alivua viatu, akakaa akiutazama mkono wake wa kushoto, palipokuwa na saa aliyoachiwa na baba yake. Ndicho kitu pekee cha ukoo tulichovuka nacho mipaka. Hatukuruhusiwa kuigusa.

Halafu akampata Uncle Sunny. Huyu alikuwa Mhindi wa Durban, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na moyo laini alioufunika kwa makelele. Watoto wote tulimwita Uncle, hata wale aliowafukuza. Alikuwa na yadi kule Jacobs, katikati ya kiwanda cha rangi na kiwanda cha sabuni, hivyo upepo ukigeuka mtu alijua kwa harufu, bila kutazama, unatoka upande gani. Ndani ya yadi zilipangwa karavani, vijumba vyeupe vyenye magurudumu ambavyo Wazungu wanavifunga nyuma ya gari na kwenda navyo likizo. Mimi sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Watu wana nyumba, halafu wanakwenda kulala kwenye nyumba ndogo, kwa hiari yao!

Uncle Sunny alimpa Papa karavani moja na wiki moja. Akiitengeneza vizuri, ataajiriwa na kuandikiwa barua ya kazi. Barua hiyo ndiyo mwenye flati ya pili, ghorofa ya tatu, aliyoitaka ili atupangishe chumba. Chumba chenye mlango. Kwa hiyo mnaona wenyewe: mbele ya ile karavani palikuwa na barua, nyuma ya barua palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango alikuwa Mama na mikono yake iliyochoka kusuka nywele za watu saluni kutwa. Shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko ya Septemba, hapakuwa na wa kubaki nami, na Papa akanichukua.

Karavani yenyewe ilikuwa ya bibi mmoja wa Westville ambaye Papa alimwita Madame, kwa desturi ya kwetu. Yeye na mumewe walikuwa wakiiacha milimani, juu kabisa kule Drakensberg, wakati wote wa baridi. Kule theluji inaanguka na maji yanaganda ndani ya bomba, na maji yakiganda yanavimba, yanapasua bomba kama muwa. Papa alipoambiwa hivyo aliuliza mara mbili. Alikuwa amefanya kazi na maji maisha yake yote na hajawahi kuyaona yakifanya uhuni wa namna hiyo. Mume wa Madame, aliyewahi kuishi nchi za barafu ujanani, alikuwa na dawa yake: kabla ya baridi alitoa maji yote, akasukuma ndani ya mabomba dawa ya rangi ya waridi isiyoganda. Majira ya joto yakikaribia, dawa lazima isukumwe nje yote, mpaka tone la mwisho, ndipo watu wanywe.

Sasa mume amefariki mwezi wa saba, na dawa yake imebaki mabombani. Ndani ya karavani tulikuta dumu lenye mabaki ya ile dawa, halina karatasi wala jina. Durban haigandi hata siku moja, kwa hiyo pale yadini hakuna aliyewahi kufanya kazi ile. Papa aliuliza kama ni sumu. Uncle Sunny akasema sumu ni ile ya kijani ya magari, ambayo ni tamu na mbwa wanailamba wanakufa. Hii ya waridi ni ya karavani, haina neno. Papa alilinusa lile dumu, akaitikia kwa kichwa, akalifunga. Mimi nililiweka hilo akilini kama amri ya Musa: kijani inaua, waridi haina neno.

Kabla hajagusa kitu, Papa alilala chali chini ya karavani nusu ya asubuhi akifuata mabomba kwa kidole. Kisha akayachora kwenye kipande cha boksi. Midomo ilikuwa saba, na kila mmoja ulikuwa na koo lake lililojaa dawa. Jikoni maji baridi na maji moto, bafuni vilevile, bomba la kuogea, choo, na la saba lilikuwa nje, ubavuni, nyuma ya kijilango kidogo. Kazi yangu ilikuwa kufungua. Yeye alikuwa mbele, kichwa kimeingia katika sanduku la pampu, haoni kitu. Mimi nafungua bomba, natazama rangi, napaza sauti. Kwa Kifaransa chetu waridi ni rose, kwa hiyo nilipiga kelele "rozi" mpaka nilipoweza kupiga kelele "safi". Alinishika mabega akaniambia hana macho mengine isipokuwa yangu.

Jamani, nilifurahi! Bomba la kwanza lilikohoa, likatema, halafu ikaja dawa, nzuri kama soda ya sikukuu, ikawa inafifia kidogo kidogo mpaka nikaona chini ya beseni. Rozi, rozi, safi. La pili, la tatu. Pampu ilinguruma nikifungua, ikanyamaza nikifunga, na mimi nikajiona waziri wa maji. Mpaka la sita sikukosea hata chembe.

Halafu nikatoka nje, nikainua kile kijilango. Juu ya bomba la saba palining'inia nyumba ya nyigu, ya kijivu, kubwa kama kifuniko cha sufuria. Nikakirudisha kijilango taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wakubwa wanaongea.

Nikarudi ndani nikitaka kupumua tu. Lakini mle ndani palikuwa na kitanda cha juu, chenye taa yake, kidirisha chake, na pazia ambalo halikupitwa na mtu yeyote kwenda chooni. Nikapanda. Nikalala chali. Nikafunga pazia. Nilikuwa nimelala hivyo, nagawa vyumba, hapa Mama, hapa mimi, Papa akauliza kutoka mbele:

"Na ile ya inje, iko namna gani?"

"Safi, Papa."

Akazima pampu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa siku tatu. Siku ya pili Papa alitia klorini kwenye tangi ili kuosha mabomba yote, akataka niisukume mpaka kila mdomo unuke. Alipouliza lile la nje nikajibu linanuka, na safari hii ulimi haukukwama hata kidogo. Siku ya tatu, asubuhi, tuliisuuza klorini, akauliza, nikajibu. Papa hakwenda kutazama. Baadaye katika maisha nimewalaumu watu wengi kwa kutokwenda kutazama, lakini yeye sijawahi kumlaumu. Alikuwa amesema hana macho mengine.

Siku hiyo hiyo ya tatu, Jumamosi, Madame alikuja kuchukua karavani yake. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya nyasi, na kabla ya kumsalimia mtu aliweka kiganja kwenye mlango wa karavani akakaa hivyo. Alikuwa na mjukuu wa kike, Megan, wa miaka sita, mapengo mawili mbele. Walikuwa wanakwenda pwani ya kusini wiki ile, safari ya kwanza bila babu.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo mtamwona Papa mtu wa ajabu, kama Uncle Sunny alivyomwona. Kwetu anayempa mgeni kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Awe bwana wa pombe ya ndizi au mama mwenye kata ya maji, anakunywa funda moja, ndipo anakupa. Maana yake ni hii: kama kuna ubaya humu, uanzie kwangu. Mtu asiyeonja, hata awe ndugu, kinywaji chake unakishika tu mpaka anapogeuka ukimwage. Basi Papa akajaza glasi kwenye bomba la jikoni, akaiinua kwenye mwanga, akanywa funda, akampa Madame kwa mikono miwili. Madame akaitazama glasi, akamtazama Papa, akaitazama tena glasi. Uncle Sunny akaanza kukohoa. Papa akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na uso wa yule bibi ukalegea, akanywa mpaka chini. Sijui kama aliipangusa glasi kwa kitambaa kabla ya kunywa. Mama alipohadithiwa aliuliza hilo kwanza.

Mimi sikuwepo kutazama vizuri, kwa sababu Megan alinivuta mkono tukazunguka ubavuni. Alitaka kunionyesha kitu chake. Babu yake, alisema, alimwosha miguu pale kila walipotoka mtoni, na alimtundikia kikombe chake mwenyewe, cha bati, ndani ya kijilango. Akaokota kijiti. Akainua kijilango. Akaigonga nyumba ya nyigu kama anayebisha hodi, ikaanguka miguuni petu, nyepesi, kavu, tupu. Hapakuwa na nyigu hata mmoja. Walikuwa wamehama zamani.

Akashusha kikombe, akafungua bomba. Likakohoa.

Nilijua. Naandika neno hilo makusudi na nawaomba msinihurumie upesi: nilijua kitakachotoka. Nilikuwa na nafasi ya kumeza mate, na katika nafasi hiyo ningeweza kusema usinywe, neno dogo, hata kwa Kiswahili angelielewa kwa sura yangu. Lakini kusema usinywe ilikuwa ni kusema nilidanganya. Nikanyamaza. Yeye akanywa nusu kikombe, akageuka na masharubu ya waridi, akasema ni tamu, akanipa na mimi. Nikarudi nyuma.

Bibi yake alitokea wakati huo. Hakupiga kelele. Alikipokonya kile kikombe, akakinusa, rangi ikamtoka usoni, akamwuliza Uncle Sunny aliyekuwa nyuma yake kama hii ni ya karavani au ni ya gari. Uncle Sunny akauliza, kwa sauti ndogo, mumewe aliinunua wapi. Madame alisema hajui, mumewe ndiye aliyekuwa anajua mambo hayo, yeye hakuwahi kuuliza. Uncle Sunny akasema eish, akakimbilia simu ya ofisini, na kumwona mtu wa unene ule akikimbia kuliniogopesha kuliko chochote.

Papa alifika wa mwisho. Akaliona bomba likidondosha waridi. Akaiona nyumba ya nyigu chini, nzima, iliyoangushwa sasa hivi. Akaniangalia mimi. Hakukaa sana kuniangalia. Akamgeukia Madame akamwambia kwamba bomba hili la nje yeye, fundi, amelisahau, na kosa ni lake. Kisha akachuchumaa, akamwuliza Megan amekunywa kiasi gani. Megan akaonyesha kwa kidole kwenye kikombe, hapa.

Papa akavua saa. Akaiweka mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake, akasema nimshikie. Halafu akakiweka kikombe chini ya bomba la saba, akakijaza mpaka juu, waridi tupu, akasimama mbele ya yule bibi na kukinywa chote, bila haraka, mpaka nikaona koo lake linamaliza.

"Madame," akasema, "sasa tuko wawili."

Madame akamshika mkono wa shati, hivi, kama unavyomshika mtoto wa kuvusha barabara, akamwingiza ndani ya gari pamoja na Megan, wakaondoka kwenda hospitali.

Nilibaki nimekaa kwenye ngazi ya karavani, saa iko ngumini. Niliisikia inatembea. Uncle Sunny alikwenda ofisini akarudi, akaenda akarudi, akanipa sambusa ambayo niliishika mpaka mafuta yake yakaganda. Niliomba. Niliahidi mambo mengi sana siku ile, na mengine mpaka leo nadaiwa.

Walirudi alasiri. Jirani wa Madame kule Westville alikuwa ameingia gereji ya yule bibi akakuta boksi la ile dawa, akawasomea madaktari kwenye simu: ni ile ya karavani, isiyoua mtu. Megan alitapika mara moja, juu ya viatu vya Papa, kisha akaomba aiskrimu. Papa hakutapika. Uncle Sunny alimkumbatia, kweli alimkumbatia, halafu akamwambia Jumatatu asije. Mtoto wa mteja amelishwa dawa ndani ya yadi yake, alisema, na yeye ana jina la kulinda. Papa akamshukuru kwa siku zile, akakusanya funguo zake.

Tuliposimama kwenye roboti kungoja taa itufungulie njia, nikamwambia. Nilimwambia yote, nyigu, kitanda cha juu, siku tatu, hata ile nafasi ya kumeza mate. Taa ikawaka kijani, ikarudi nyekundu, sisi bado tumesimama.

"Nyumba ya nyigu niliiona," alisema. "Kuogopa si kosa, mama. Ungeniambia unaogopa, ningekuja. Lakini ulinipa neno, na mimi nikawapa watu maji juu ya neno lako."

Hakunipiga. Nyumbani, nyuma ya pazia, alimweleza Mama kwamba kazi imekwisha, na mlango pia, na hakutaja jina langu. Mama alilia kidogo, akapangusa uso, akasema maji yakishamwagika hayazoleki, akaenda kupika. Ningependelea fimbo. Nasema kweli, ningeichuma mwenyewe.

Jumanne ujumbe ulitufikia kupitia saluni ya Mama. Madame alikuwa amempigia simu Uncle Sunny. Karavani bado haijamalizika, alisema, na anamtaka yule bwana aliyekunywa. Uncle Sunny alijaribu kumpa fundi mwingine, mwenye vyeti. Madame akamwuliza huyo mwingine yuko tayari kunywa? Basi. Papa akaitwa, na akanichukua, na njiani akaniambia nitakachofanya.

Nilimwambia Madame kwa Kiingereza cha darasa la tatu, macho yangu yako kwenye viatu vyake. Nilisema si baba yangu aliyesahau, ni mimi niliyedanganya, kwa sababu ya nyigu. Aliinama kwa shida, magoti yakalia, mpaka nikamwona uso. Akasema mumewe, mwanamume mrefu kama mlango, aliwaogopa nyigu vibaya sana, na kila mwaka alimtuma yeye, akijidai ana shughuli nyingine. Aliposema hivyo alicheka, na katikati ya kicheko akalia. Megan akampa leso akiwa amezoea.

Kisha nikalifungua bomba la saba. Papa alikuwa mbele, kichwa kwenye sanduku la pampu, haoni kitu. Rozi, nikapaza sauti. Rozi. Rozi bado. Sikuwa na haraka ya kufika popote. Rozi kidogo. Nikakinga maji mkononi, nikayatazama, nikamwaga, nikakinga tena. Safi. Tukatia klorini, tukaingoja, tukaisuuza, na kesho yake Papa akakijaza kile kikombe cha bati akanipa mimi. Nikaelewa. Nikanywa funda moja mbele ya macho yao, nikampa Madame, Madame akampa Megan.

Papa alifanya kazi katika ile yadi miaka kumi na mmoja. Barua iliandikwa, mlango tukaupata, ghorofa ya tatu, na juma la kwanza Mama aliufungua na kuufunga bila sababu mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kwa kuchekesha, nikiuruka uongo wangu na rozi zake. Nilijua kuiigiza: Madame na glasi, Uncle Sunny akikimbia, Megan na viatu vya Papa. Niliisimulia hata siku ya kuondoa matanga ya Papa, miaka minne iliyopita, na waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu, maana ndivyo alivyotaka azikwe. Nikaingia jikoni nikicheka bado. Mama alikuwa anaosha sahani. Akaniuliza bila kugeuka:

"Weye unazani alikuwa anajua?"

Nikamwambia ndiyo, si Uncle Sunny alishasema, kijani inaua, waridi haina neno. Mama akatikisa kichwa. Papa yako, alisema, alishika radieta za malori ya maji ya Uvira miaka, na aliwahi kuona dawa ya malori, ile inayoua, yenye rangi karibu ileile. Dumu halikuwa na jina. Tangu siku ya kwanza alipolinusa hakuwa na hakika. Ndiyo maana alitaka itoke yote, mpaka tone. Alipokunywa hakujua. Mama alikuwa amemwuliza jioni ile ile, kwa hasira, sababu gani mtu mwenye mke na mtoto afanye wazimu wa namna hiyo. Akamjibu kwamba maji ni yake. Ilimpasa aonje mbele ya yule mtoto. Amechelewa, basi amemfuata.

Nilisimama pale na kitambaa cha sahani. Na kitu kilichonijia, hata sikukiita, kilikuwa ile saa aliyoachiwa na baba yake. Ninayo hadi leo, inatembea vizuri, imetundikwa karibu na bomba langu linalokohoa. Miaka yote hiyo nilidhani aliivua isilowe. Lakini Papa alivaa saa mkono wa kushoto. Kikombe alikishika kwa mkono wa kulia.